Kikaratasi cha Bartolomeo

Iyunga, Mbeya
6 Februari 1977

Mdogo wangu Mbuke,

Pokea salamu kutoka kwenye matope. Mvua haijakata toka Krismasi, na treni zikipita huku stesheni ukuta wetu wa udongo unatoa jasho. Baba na mama wapo Usangu, ng'ombe wameshiba, na mama ananiuliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Mama Kokila wa dukani anakusalimu. Jibu lako lipitie sanduku la mumewe Bharat kama kawaida.

Kisomo nimemaliza, nimepewa cheti. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtu, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda mlima.

Nina mimba ya miezi mitatu. Mama usimwambie bado. Unajua wale wawili walivyotoka bila kulia, yule wa kwanza tukiwa tumeshamwekea na jina. Safari hii sitaki mtu ahesabu miezi pamoja nami.

Sasa lililonikalisha hapa. Mwezi wote wa Januari shemeji yako Limbu alikuwa anaondoka kila Ijumaa alfajiri na kurudi Jumamosi. Ukimuuliza, mashine ya kukoboa mpunga ya Rujewa imeharibika. Mimi ni mke wa fundi, najua mashine zinavyoharibika, lakini sijawahi kusikia mashine inayongoja Ijumaa. Na akirudi anakalia upande mmoja, kama mtu aliyechoka kazi nyingine kabisa. Kitandani anageukia ukuta. Ananiambia eti nipumzike kwa sababu ya mimba. Mimba zile mbili nyingine hakuniambia nipumzike.

Juzi nikamwona viganja. Vina madoa mekundu. Kwenye kisomo yule mwalimu wa afya alitufundisha juu ya kaswende, akasema madoa ya viganjani ni dalili. Wenzangu walikuwa wanacheka, mimi nikaandika.

Huko Rujewa yupo mwanamke anauza wali kwenye mashine, jina lake Anyitike. Mumewe alifariki. Ana mtoto wa kiume mnene, Liberatus, na kila mtu anamwita Mama Liberatus. Mimi mpaka leo naitwa Nyamizi tu, jina tupu, kama msichana. Limbu akimtaja anasema "Mama Liberatus" kwa heshima utafikiri anamtaja mke wa paroko. Hilo jina linanichoma kuliko moto.

Wewe uko hospitalini, niambie. Ugonjwa huu unaanzaje, unakaa siku ngapi kabla haujaonekana? Na nikipimwa, damu itaonyesha ni nani aliyeuleta?

Dada yako,
Nyamizi


Iringa
27 Februari 1977

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku nyingi kidogo, nisamehe kwa kuchelewa. Hapa baridi haijaanza ila upepo wa mlimani upo. Nakula vizuri. Mwambie mama mwanaume hajatokea, akitokea nitamleta na ng'ombe wake. Hongera sana kwa cheti. Mistari imepanda mlima kweli lakini imefika.

Kuna jambo sikukueleza: toka mwaka mpya nimetolewa wodi ya wazazi, niko maabara. Ninatoa watu damu na kuandika majina.

Nimefurahi kwa ajili ya mimba, na sitamwambia mama.

Kuhusu ugonjwa uliouuliza. Mara nyingi unaanza na kidonda kisichouma. Kidonda kinapona chenyewe, mtu anadhani amepona, kumbe umeingia ndani. Baadaye unaweza kutoka upele, nao unaondoka. Halafu unakaa kimya, miaka hata mingi, na mtu anakula na kulima kama kawaida. Madoa ya viganjani peke yake si ushahidi. Fundi anayenawa mikono kwa dizeli halafu anasugua kwa magadi atakuwa na viganja gani?

Kipimo ni damu. Aliyeambukizwa karibuni damu yake inaweza kuchelewa kuonyesha, kwa hiyo anapimwa leo, akionekana safi anarudia baada ya miezi mitatu. Lakini mwenye mimba hangoji kitu. Dada, nenda kliniki ya wajawazito hapo Mbeya wiki hii. Usingoje Limbu aseme neno, usingoje dalili. Ugonjwa huo ukiwapo kwa mama unamfuata mtoto tumboni, na wengine hutoka bila kulia. Ukitibiwa mapema mtoto anapona humo humo ndani.

Kuhusu shemeji sina la kusema. Tafadhali usiniulize.

Mdogo wako,
Mbuke


Iyunga
20 Machi 1977

Mbuke,

Salamu nakupa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Wazazi wazima. Mimi nimeanza kuhisi mtoto akigusa.

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye sanduku, Bharat alikwenda Dar. Katika wiki hizo mbili sikukaa bure. Nilipanda basi mpaka Rujewa. Nikakaa kwenye benchi la Anyitike, nikaagiza wali na maharage, nikamwambia, mama, mimi najua kusoma viganja, lete nione bahati yako. Akacheka, akanipa mikono yote miwili. Mbuke, ile mikono ni safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na anapika kwa kuni kutwa. Nikakasirika zaidi kuliko kama ningeyakuta hayo madoa. Na wali wake mtamu. Nikala wote.

Halafu akaniuliza, "Wewe si mke wa fundi Limbu? Mbona fundi ametusahau, hatujamwona toka kabla ya Krismasi, na mashine inakoboa vizuri tu." Nikalipa, nikaondoka.

Kwa hiyo Ijumaa zote nne hakuwa Rujewa. Niliporudi nikapekua koti lake la safari. Alikuwa anaacha karatasi zake popote, anadhani kisomo chetu kilikuwa cha kuimba na kushona. Nikakuta kikaratasi kwenye mfuko wa ndani. Kina muhuri wa hospitali ya Iringa, tarehe 14 Januari. Kimeandikwa: Bartolomeo, miaka 32. Mlete mke wako apimwe damu ndani ya siku kumi na nne.

Siku kumi na nne, Mbuke. Zimepita siku sitini na mimi sijapelekwa popote. Basi mke aliyepelekwa ni yupi?

Na jina lile. Unajua ni la nani, ulikuwepo tukimzika. Ni la mwanangu wa kwanza. Limbu alilichagua, na nje ya nyumba hii hakuna anayelijua ila wewe. Amelitoa kaburini akalipeleka kwenye mambo yake ya aibu.

Nilipomaliza kulia nikaketi nikakitazama tena. Ile "M" yenye mkia. Nikaleta barua zako zote, nikaziweka kando yake. Mwandiko ni wako.

Sasa nakuuliza kama mtoto wa mama mmoja. Huyo mwanamke wa Iringa ni nani? Unamficha rafiki yako? Au nisiulize, maana mwanamke wa Iringa ninayemjua mimi ni mmoja tu, hajaolewa, na shemeji yake akimtaja hucheka.

Kliniki sikwenda. Siendi kuchomwa sindano ya mwanamke mwingine kabla sijaambiwa jina lake.

Nyamizi


Iringa
24 Aprili 1977

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana.

Mwandiko ni wangu, sikatai. Karani alikuwa likizo, vikaratasi vyote vya mwezi ule niliandika mimi. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema. Mtu akikaa kwenye kile kiti, alichokisema na kilichoonekana kwenye damu yake ni vyake, hata angekuwa baba yetu. Nikikuvunjia wewe nitavunja kwa kila mtu, na hakuna atakayekaa tena kwenye kile kiti.

Lile la mwisho uliloandika, la mwanamke wa Iringa, nimelisoma. Nililia maabara, wenzangu wakadhani nimefiwa. Sitalijibu. Siku ukitulia utaona aibu mwenyewe, nami nitakuwa nimeshasamehe.

Lakini kwa kuwa umeniuliza mambo mazito, nami nakwambia moja. Uliniuliza damu itaonyesha nani aliyeleta. Haionyeshi. Damu inasema ipo au haipo, basi. Haitaji jina, haitaji mwaka. Unatafuta mwanamke wa mwaka huu. Mimi nakumbuka ulipokaa Nzega kwa shangazi kabla hujaolewa, na yule fundi cherehani, na kile kidonda ulichonionyesha tukiwa kisimani ukaniapisha nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Kilipona chenyewe, tukafurahi. Tulikuwa watoto, hatukujua.

Sisemi ni wewe. Sisemi ni yeye. Nasema mimba ina miezi mitano na nusu na wewe unangoja jina.

Mbuke


Iringa
22 Mei 1977

Dada, shikamoo. Sijapata jibu. Miezi sita na nusu. Nenda ukapimwe, ukirudi unitukane unavyotaka, hata kwa ukurasa mzima.
Mbuke


Iyunga
19 Juni 1977

Mdogo wangu Mbuke,

Natumaini hujambo. Huku baridi imeanza, asubuhi nyasi ni nyeupe kule Uporoto, na Mama Kokila ameniuzia blanketi kwa bei ya undugu. Mama amekuja kukaa nami. Tumbo alilitambua kabla sijafungua mdomo.

Barua yako ya Nzega niliitupa jikoni, kisha nikaitoa kabla haijashika moto. Mwezi mzima nilikuchukia. Nilikuwa najiambia, ameona nimemkamata, sasa ananitupia tope la zamani. Usiku wa pili nikakumbuka kile kidonda kilivyokuwa, na kwamba hakikuuma.

Ile barua yako ya mistari miwili ndiyo iliyonitoa. Jioni yake nilimpakulia Limbu ugali na mlenda, na kile kikaratasi nikakiweka juu ya ugali. Nikakaa nikimtazama. Nilitaka nione uso wa mwanaume aliyefumaniwa, nilikuwa nimeungoja miezi minne.

Akakitoa, akakifuta kwa shati. Akasema, "Umekisoma?"

Nikamwambia ndiyo, tena nimekisoma bila kuyumba. Niambie ulimpeleka nani.

"Sikumpeleka mtu," akasema. "Nilikuwa sina mtu wa kumpeleka ila wewe."

Nikamuuliza basi kwa nini hukunipeleka mimi. Akausogeza ugali kando. Ndipo akanieleza. Mwaka jana alimrekebishia pampu Bwana Isakwisa, yule mganga wa zahanati kule Usangu, wakaongea juu ya watoto. Isakwisa akamwambia wakati mwingine mtoto akifia tumboni sababu ni damu ya wazazi. Limbu akarudi na hilo neno kichwani. Niliposhika mimba hii akaogopa, akaenda Iringa mbali na watu, akijua wewe upo wodi ya wazazi na hamtaonana. Akaambiwa damu yake ina ugonjwa wa zamani. Wakamchoma sindano Ijumaa tatu, baada ya ile ya kutoa damu. Kumbe ndizo alizokuwa anazikalia upande mmoja.

Nikamwambia, na jina la mwanangu ulilipeleka kufanya nini?

Akasema, "Waliponiuliza jina, ndilo lililotoka. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili yake."

Mbuke, nikakichukua kikaratasi mkononi mwake, nikalisoma jina hilo tena.

Kisha akasema lile lililomfunga mdomo. Alifikiri nikijua, nitasema yeye ndiye aliyewaua wale wawili. Kila siku alikuwa anasema kesho nitampeleka, halafu siku kumi na nne zikapita. Akaniambia pia, bila kunitazama, kwamba kuna siku alijiuliza kama si mimi. Kumbe mwenzangu naye alikuwa na wivu wake, anaulalia ukutani.

Nilikwenda kliniki tarehe 27 Mei, yeye akiwa kando yangu. Damu yangu inao. Nimechomwa sindano tatu, Ijumaa tatu, na mimi sasa nakalia upande mmoja. Mtoto anacheza. Muuguzi amesema tumechelewa lakini hatujakosa, tungoje.

Kuhusu Nzega nimemwambia. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akanichotea maji.

Lile nililokuandikia Machi, la mwanamke wa Iringa. Mbuke, mkono wangu ulikuwa umejifunza kuandika juzi juzi, haukujifunza kunyamaza. Nisamehe.

Dada yako,
Nyamizi


Iringa
3 Julai 1977

Dada yangu,

Shikamoo, na mama pia nampa shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nilikuwa nimeshasamehe, nilikwambia.

Shemeji ameniandikia kadi, anasema sasa niko huru kukueleza. Basi sikia. Siku ile niliita, "Bartolomeo!" Jina hilo nalijua. Nikainua macho, akasimama Limbu na kofia mkononi. Alitaka kutoka. Nikamwambia, mzee, kaa hapa, kunja shati. Nilimwita mzee, kana kwamba simjui, naye akaniita sista. Nilimtoa damu bila neno lingine. Alipokuja Ijumaa iliyofuata kuchukua kikaratasi, akaniuliza, "Sista, hii huua watoto?" Nikasema huua, na hutibika. Akasema asante. Ilinibidi niingie stoo.

Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshabeba yote hayo. Kila ulipoandika Anyitike, nilitaka kupiga kelele.

Mtoto akizaliwa naye apimwe damu, na watamchoma sindano hata akionekana mzima. Usiwazuie. Wewe na Limbu mtarudia kipimo baada ya miezi, mpaka waseme basi.

Kile kikaratasi sasa kichomeni. Kimeshafanya kazi yake, na kikiangukia macho ya watu wataongea.

Mbuke


Iyunga
28 Agosti 1977

Mdogo wangu Mbuke,

Pokea salamu za watu wanne, maana sasa tuko wanne humu ndani, nikimhesabu mama.

Amezaliwa tarehe 9, mchana, hospitalini. Msichana. Nilipomaliza kusukuma pakawa kimya, na ule ukimya naufahamu, nimeshausikia mara mbili. Nikafumba macho. Halafu akalia. Mbuke, alilia kwa hasira kama mimi, mkunga akacheka.

Wamempima damu, wamemchoma sindano kumi kwa siku kumi, na ananyonya vizuri. Watamwangalia tena kila mwezi kabla hawajasema amepona kabisa, lakini leo ni mzima. Mama amempa jina la bibi yetu, Ng'washi, na Mama Kokila ameleta nguo.

Nikueleze lililotokea pale dirishani tulipompeleka apimwe. Foleni ndefu, wanawake wa Iyunga nzima wapo, wengine nawajua kwa majina. Muuguzi akauliza kwa sauti, ugonjwa gani, na jina la baba nani. Nikainama. Nikajua Limbu atasema Bartolomeo tena, au atasema amesahau kitu nje. Akasogea mbele yangu akasema, "Kaswende, tumetibiwa. Baba ni mimi, Limbu Nkuba. Na huyu ni mke wangu Nyamizi, Mama Ng'washi." Foleni yote ilisikia. Mwaka huu wote nilikuwa natafuta jina, Mbuke, na sikudhani kama ningeliona zuri hivyo.

Usidhani nimepona wivu. Anambeba mtoto kutwa nzima, ananipa wakati wa kunyonya tu, na wakichekeana mimi nakaa pale kama mgeni. Jana nimemnyang'anya.

Ulisema kile kikaratasi tukichome. Limbu alitaka akihifadhi yeye, nikamkatalia. Nacho sikukichoma. Nimekikunja kwenye khanga niliyojifunga siku ya harusi, pamoja na kadi ya kliniki ya Ng'washi. Acha watu waongee. Yule mtoto tuliyemzika hakuandikwa kanisani wala serikalini, hakuna kitabu kilichowahi kumtaja. Hii ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la mwanangu wa kwanza, na aliyeliandika ni mama yake mdogo, wewe.

Mama Ng'washi